Ubao wa Rangi ya Maji

Asubuhi ile Kiberiti aliamua kuachana na mikoba. Hakuamua kwa hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimemwishia wiki iliyopita, pale alipompigia simu mkandarasi wa umeme kumwambia kwamba mikoba aliyomwahidi haijafika hata nusu. Mkandarasi hakumtukana. Alivuta pumzi tu, akasema, "Sawa, dada," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuonywa na watu mapema, akakata. Hiyo "sawa, dada" ilimkaa kooni tangu siku hiyo, haimezeki, haitemeki.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa mbao unaotazama barabara. Upande mmoja turubai ya kijani ilikuwa imekatwa vipande, haijashonwa. Upande wa pili vipande vilikuwa vimeshonwa, havijatobolewa matundu ya pete. Mezani kulikuwa na mashine ya kushonea, na chini ya meza, pale ambapo mtu mwingine angeweka miguu yake, ulikuwa umejibanza ukoo mzima wa biashara zake za zamani: vibati vya kumiminia mishumaa, ndoo ya magadi ya sabuni, gunia la sponji la mito. Kila mojawapo ilianza kwa shangwe. Kila mojawapo ilikufa bila kuzikwa.

Na leo yalikuwa yamemjia mapazia.

Yalimjia wakati anapiga mswaki, kama yanavyomjia mambo yake yote, kwa mkupuo. Mtaa wa nyuma kulikuwa na nyumba ya wageni inayomaliziwa, madirisha mengi, yote wazi. Moyo ukaanza kwenda mbio. Mapazia hayana mifuko. Mapazia hayana zipu, hayana pete za chuma, hayana mkandarasi. Mapazia ni mshono mmoja ulionyooka, basi.

"Mapazia," alisema kwa sauti, akiyaonja.

Akaburuta kigoda hadi mlangoni, akapanda, akaushusha ubao wenye jina la biashara.

Jina la Kiberiti hakupewa na mama yake. Alipewa na mwalimu, darasani, mbele ya wenzake, siku aliyokutwa akitazama nje ya dirisha wakati somo linaendelea. "Huyu ni kiberiti," mwalimu alisema. "Anawaka fyuu, halafu giza." Darasa zima likacheka, mwalimu akageuka kuendelea na chaki yake, kama mtu aliyetupa ganda la ndizi na kusahau. Mwalimu yule siku hizi amestaafu, na bila shaka analala vizuri. Ganda lake bado linatelezesha watu. Kaka zake walilibeba jina hilo hadi nyumbani, nyumbani likatoka hadi mtaani, na mtaani likawa ndilo jina.

Alikuwa mtu mzima kabisa daktari alipomwambia kwamba hali ile ina jina jingine. Herufi nne za kigeni: ADHD. "Si uvivu," daktari alisema, "wala si utukutu uliokomaa. Kuwaka, kichwa chako kinawaka vizuri sana. Shida yake ni kuchagua kiwakie wapi, na kubaki hapohapo." Akampa vidonge, akamwambia vitamsaidia, lakini havitamchagulia kazi. Kiberiti alirudi nyumbani amebeba zile herufi nne kama mtu aliyebeba cheti. Kaka yake mkubwa akacheka hadi akashika mbavu. "Ugonjwa wa kutomaliza kazi! Basi hata mimi ninao. Unanishika kila nikiitwa kuosha vyombo."

Tena wapo wengine, wabaya kuliko kaka. Wapo mabwana wa semina, wenye vipaza sauti vya sikioni na viatu visivyojua vumbi. Kiberiti aliwahi kukaa mbele ya mmoja wao. "Lengo lako lisipokutisha," yule bwana alinguruma, "basi ni dogo mno!" Watu wakasimama, wakapiga makofi. Kiberiti alitoka pale anaungua, na ni siku hiyohiyo alipompigia mkandarasi wa umeme na kumwahidi mikoba ambayo karakana nzima yenye mafundi isingeiweza. Watu wa namna hii hawajawahi kutoboa turubai maishani mwao. Kazi yao ni kumwagia mafuta mtu anayewaka tayari, kisha kuondoka kabla majivu hayajaanza kupepea.

Basi. Ubao ulikuwa mapajani. MIKOBA IMARA, herufi za buluu, nono, zenye kivuli cheupe upande mmoja. Ziliandikwa na yule kijana mwandishi wa mabango wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamwita Herufi. Ndiye aliyemwandikia mabango yote. Na kusema kweli ndivyo walivyopendana, katika kuandikiana mabango. Kila mara aliingia kwake na wazo jipya, mikono inaruka, na Herufi alisikiliza na brashi hewani hadi rangi imdondokee kiatuni. Kisha alisema, "Hilo ni zuri, Bosi." Alikuwa mtu pekee mtaani asiyemwita Kiberiti. Alimwita Bosi, na hakuwa anatania.

Ubao ulikuwa na vumbi. Kiberiti alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akaufuta.

Kitambaa kikatoka buluu.

Akakitazama. Akafuta tena, taratibu. Herufi ya kwanza ikasambaa, ikafifia, ikaondoka. Chini yake ikachungulia nyekundu: MITO. Akafuta. Ikaondoka nayo. Chini ya nyekundu kukawa na kijani cha SABUNI, nayo haikubisha. Mwisho alibaki na ubao mtupu, una mikwaruzo kama umeparwa na kisu.

Aliinua macho. Ng'ambo ya barabara, kibao cha kinyozi kilikuwa kinamtazama. Alikiandika Herufi huyohuyo, zamani, kabla hawajafahamiana. Kibao hakina hata upenu wa kukikinga. Kila mvua imekipiga, kila jua limekichoma, na bado nywele za yule mtu wa kwenye mchoro zilikuwa nyeusi ti.

Ubao wake yeye, uliokaa miaka yote chini ya paa, kitambaa kimoja tu kimeumaliza.

Akaubana kwapani, akavuka barabara. Kitambaa alikuwa bado amekishika mkononi, kinamdondoshea miguuni.

*

Herufi alikuwa na chumba nyuma ya duka la vioo, chumba chenye harufu ya mafuta ya taa na rangi mbichi. Alikuwa ameupa mlango mgongo, anajaza herufi za bango la duka la dawa. Pembeni, juu ya kiti pekee kisicho na madoa, alikaa mama yake, mkoba magotini, mgongo wima, kama mtu aliye kwenye foleni asiyetaka mwingine apite mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Macho ya mama yalimpima, yakateremka hadi kwenye kitambaa.

"Bosi," Herufi alisema bila kugeuka. Alizijua hatua zake. "Leo tunaandika nini?"

Swali hilo aliliuliza kwa furaha, kama siku zote. Siku nyingine lingempasha moto Kiberiti. Leo lilimpiga palepale penye kidonda.

"Geuka kwanza."

Herufi akageuka. Akauona ubao. Akakiona kitambaa. Tabasamu lake likakaa kidogo usoni halijui liende wapi.

"Umeuosha," alisema.

"Nimeufuta vumbi. Umejiosha wenyewe."

"Mnazungumza nini ninyi?" mama aliuliza.

"Mama, naomba umuulize mwanao. Kibao cha kinyozi amekipaka rangi gani?"

Mama hakuuliza. Aliinua tu kidevu kumwelekea mwanawe.

"Ya mafuta," Herufi alisema.

"Cha mama muuza mboga?"

"Ya mafuta."

"Cha fundi baiskeli, ambaye hata baiskeli yake mwenyewe haitembei?"

"Bosi, sikiliza..."

"Cha fundi baiskeli?"

"Ya mafuta."

"Na changu mimi?"

Herufi aliiweka brashi kwenye kopo. Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono ilikuwa misafi. "Ya maji," alisema. "Nachanganya na chokaa kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ule wa sabuni. Wa mishumaa nilipaka mafuta, haki ya Mungu. Kabla haujazoea ukuta ukaja ukasema sabuni. Nikakaa kutwa naukwangua kwa kisu, mkono ukatoka malengelenge. Nikasema huyu nimrahisishie."

"Umenirahisishia kushindwa."

"Sikusema hivyo."

"Hukuhitaji kusema. Umeandika, tena kwa herufi kubwa, mlangoni kwangu. Kila mteja aliyeingia amepita chini yake."

Kwenye chumba cha mbele mtu alikuwa anakata kioo. Ule mlio mrefu ulipita ukutani ukaisha. Mama alijisogeza kitini.

"Mimi naona mwanangu alitumia akili," alisema. "Nani anapaka mafuta kwenye kitu kinachobadilika kama hali ya hewa? Tena nashukuru umekuja, binti. Nilikuwa namwambia yeye jambo ambalo nawe ni haki yako ulisikie. Ameniomba twende kwenu kuleta posa. Nimemwambia sijakubali."

"Mama!"

"Niache niseme. Nakaa nyumbani, wateja wake wananipigia simu mimi: yuko wapi, bango letu vipi? Yuko kwako. Asubuhi yuko kwako, jioni yuko kwako, amekaa kwenye kigoda. Mwanangu si nguzo ya kufungia mbuzi."

Maneno yale yalimwingia Kiberiti, na cha ajabu hayakukuta mtu wa kupigana. Miguu ilikuwa mizito. Akavuta kopo tupu la rangi, akaligeuza, akalikalia, ubao ukiwa magotini kama sinia lisilo na chakula.

Labda kule kukaa ndiko kulikomlainisha mama. Sauti yake ilishuka. "Si kwamba nakuchukia, mwanangu. Nimeishi na kichwa kama hicho chako. Huyu alikuwa mdogo, hakumbuki. Baba yake alianza banda la kuku. Kabla halijaezekwa yuko kwenye mizinga ya nyuki. Nyuki hawajatulia, amenunua kamera. Mimi nyuma na fagio. Alikuwa mtu mzuri, mchangamfu, ukikaa naye unacheka hadi machozi. Nami nilimpenda. Nilimpenda hadi nikachoka, nikawa simsikii tena akiongea. Anaongea, mimi nasikia maji yanapita. Mpaka amekufa sijamwambia. Sitaki huyu achoke namna ile."



"Hata anayeanza anachoka, Mama," Kiberiti alisema. "Watu wanadhani kuanza ni raha. Kila ninapoanza najua kuna siku nitasimama mlangoni nione aibu kuingia ndani. Najua, na bado siwezi kukaa." Akamgeukia Herufi, bila ukali. "Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyedhani ananiamini. Ningejua huniamini, walau nisingepoteza muda kukupenda."

"Si kwamba sikukuamini."

"Basi ni nini?"

Herufi alitazama mama yake, akatazama kopo, akatazama mlango kana kwamba anaupima kama utamtosha. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ningepaka ya mafuta," alisema, "usingerudi."

"Nini?"

"Kinyozi nilimpaka mafuta. Hajarudi. Tunapungiana mikono tu barabarani. Mama wa mboga hajarudi. Rangi ya mafuta ikishika, mtu na mimi tumemalizana. Wewe uliporudi na habari za sabuni..." Alielekeza kidole mlangoni. "Uliingia pale mlangoni unang'aa. Kila ulichokuwa unasema sikukisikia, nilikuwa nakutazama. Nikakwangua siku nzima na nilikuwa nafurahi. Nikasema acha nipake ya maji, atarudi tena. Na ulirudi."



"Kwa hiyo kila nilipokuja na jambo jipya," Kiberiti alisema polepole, "ukaniambia 'hilo ni zuri, Bosi'..."

"Ndiyo."

"Hata mito?"

"Hata mito."

"Ilikuwa nzuri?"

"Mito ilikuwa upuuzi."

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa unang'aa!"

"Mito yenye umbo la samaki, Herufi! Nani analalia samaki? Ungeniambia!"

Na hapo sauti fulani ilitoka kitini. Walidhani mama anakohoa, kumbe ni kicheko. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa namna ambayo mtu humtazama paka wake baada ya kukuta maziwa yamenywewa.

"Kumbe wewe," mama alisema. "Mimi naimba kutwa nzima: huyo msichana atakumaliza, huyo msichana hatulii. Kumbe mpulizaji wa moto umo humu nyumbani mwangu, unakula chakula changu."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, rangi ya maji wewe." Akageuza kiti kizima, miguu yake ikakwaruza sakafu, akakaa uso kwa uso na Kiberiti. "Binti. Yeye tumeshamsikia. Wewe unataka nini?"

Swali hilo Kiberiti alikuwa ameulizwa mara nyingi: na bwana wa semina, na marafiki, na mkandarasi. Lakini siku zote waliomuuliza walimkuta anawaka, na majibu ya mtu anayewaka yanapendeza kama fataki. Hakuna aliyewahi kumuuliza akiwa hivi, amekaa juu ya kopo, mabega yameanguka, hana hata cha kujisifia. Alilitafuta jibu la mapazia, asilione. Yale mapazia ya asubuhi yalikuwa yamekwenda zake.

"Mikoba," alisema, akajishangaa.

"Mikoba gani?"

"Ya mafundi. Hiyo tu. Ile ambayo mifuko yake yote iko nje, inaonekana. Nyundo unaiona, koleo unaliona, tepu unaiona. Niliishona hivyo kwa sababu mimi kitu nikikifungia ndani, kwangu kimekufa. Nikifunika sufuria nasahau nimepika. Nikashona mkoba wa mtu kama mimi. Mafundi umeme wakaupenda kwa sababu wako juu ya ngazi, hawana mkono wa kupekua." Alipumua. "Hiyo naijua, Mama. Haikutoka kwenye semina."

"Sasa mbona imekushinda?"

"Niliahidi siku mbaya. Yaani, niliahidi siku nzuri, ndiyo mbaya. Siku nzuri naweza kushona hadi mashine iombe maji, basi nikampigia mtu hesabu kwa siku hiyo. Halafu zikaja siku zangu zile nyingine."

"Kwa hiyo?"

Alikuwa anaongea polepole sana sasa, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. "Kwa hiyo nipige hesabu leo. Hivi nilivyo. Leo nikirudi pale naweza nini? Naweza mkoba mmoja. Basi lengo ni mkoba mmoja kwa siku. Nikiwaka siku nyingine nikashona zaidi, wa ziada unakaa rafuni, unaningoja siku nitakayoshindwa kabisa. Na nikiwa nawaka, siahidi mtu. Nashona, lakini siahidi. Anayetaka ahadi yangu aje nikiwa nimechoka."

Mama alikaza midomo, akilitafuna jibu hilo. "Hiyo sijawahi kuisikia," alisema. "Mpigie."

"Nani?"

"Huyo wa umeme. Si umechoka? Mpigie sasa hivi."

Kiberiti aliitoa simu, akapiga. Iliita sana. Sauti ilipopokea, alisema harakaharaka kabla woga haujamkamata: mkuu, sitaweza kukuletea yote kwa pamoja, nilikuahidi vibaya, nitakuwa nakuletea kidogokidogo kila Ijumaa, idadi ndogo lakini haitakosekana. Mashine fulani ilikuwa inanguruma nyuma ya yule mtu.

"Una hakika, dada?"

"Ile idadi ya zamani sikuwa na hakika nayo hata kidogo. Hii ninayo."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," mkandarasi alisema, na safari hii alisikika kama binadamu. "Vijana wangu wanaitaka hiyohiyo. Lete Ijumaa."

Simu ikakatika. Kiberiti hakuruka. Aliiweka tu mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Na huyu?" Mama alimwonyesha Herufi kwa kidole gumba. "Kigoda chake?"

Hapo palikuwa pagumu zaidi. "Akikaa pale, namaliza," Kiberiti alisema akitazama chini. "Hanisaidii kitu. Hata haongei, anachora mambo yake. Lakini akiwepo kichwa kinakaa, sindano haitoroki. Daktari alisema wengi wetu tuko hivyo, mwingine akikaa karibu na kazi yake nasi tunatulia. Lakini Mama, sitaki awe fimbo yangu. Asubuhi akae. Saa za mchana aende kwa wateja wake. Asipokuwepo nitatoboa matundu na kuyavika pete. Kazi hiyo ina kelele, naiweza hata peke yangu."

"Mimi hamjaniuliza," Herufi alisema kutoka pembeni.

Wanawake wote wawili wakamtazama.

"Herufi zangu zinanyooka nikiwa pale," alisema. "Basi. Nilitaka tu kusema."

Mama alisimama, akaning'iniza mkoba mkononi. "Nina shughuli mjini. Nitapita jioni nikirudi. Sijasema ndiyo, sijasema hapana." Mlangoni alisimama, akauonyesha ule ubao mtupu. "Na huo, upake rangi ya watu."

*

Herufi aliupiga msasa ubao hadi mikwaruzo ikaisha. Akapiga mistari kwa uzi wenye chaki, akafungua kopo la rangi ya mafuta, buluu ileile, akaikoroga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kiberiti alikaa juu ya kopo lake. Hawakusemeshana sana. Ugomvi ulikuwa umeisha lakini uchovu wake ulikuwa bado umo chumbani, umekaa nao kama mgeni wa tatu.

"Bado umenikasirikia?" Herufi aliuliza, akiuvuta mguu wa herufi M.

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Kwanza mimi mambo hayanidumu. Ngojea kidogo."

Herufi alicheka kwa pua, mkono usitetereke. Kiberiti aliutazama mkono ule. Alikuwa ameutazama mara ngapi, na siku zote alikuwa anauona ukiwa njiani, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuruka kwenye jambo jingine. Leo aliuona wote: kovu dogo kwenye kidole cha kati, mshipa unaopanda anaposhusha brashi, namna anavyoshika pumzi kila anapokaribia kona. Alitamani kuushika. Alibana mikono yake katikati ya magoti.

MIKOBA YA MAFUNDI. Ilipokamilika, chini yake ilibaki nafasi pana.

"Hapo chini pana nafasi," Kiberiti alisema.

"Naona."

"Pangetosha maneno mawili. NA MAPAZIA." Alijisikia akianza, ile cheche ya nyuma ya macho. "Kuna nyumba ya wageni mtaa wa nyuma, madirisha yote..."

Brashi ya Herufi ilisimama hewani, kama inavyosimama siku zote. Tone likavimba kwenye ncha. Kiberiti alilisubiri lile neno. Alimwona akilitafuta mdomoni, akalikuta, akalimeza.

"Hapana, Bosi," Herufi alisema.

"Hapana?"

"Nafasi hiyo nimeiacha makusudi. Ni nafasi tu." Sauti yake ilitetemeka kidogo, hakuwa amezoea. "Mapazia si upuuzi. Ila leo umechoka, na ulipochoka umechagua mikoba. Mimi nimeandika ulichochagua."

Kiberiti alimtazama. Hakuna wimbo wala shada la maua lililowahi kumfanya macho yamlowe namna ile. Miaka yote wanaomkatalia walikuwa wanamcheka, na anayempenda alikuwa anamkubalia. Huyu alimkatalia akiwa anatetemeka.

"Sawa," alisema. "Ikikauka tutundike."

"Leo haikauki. Ya mafuta inataka kulala."

"Jioni?"

"Bosi."

"Nimeuliza tu."

Herufi alitoka kwenda kuosha brashi uani. Kiberiti alisikia mafuta yakimiminwa kwenye bati. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, unang'aa, unyevunyevu. Alikaa juu ya mikono yake. Alitazama dari. Alihesabu makopo. Alisimama ili atazame kwa karibu tu, kwa macho tu.

Herufi aliporudi alimkuta amesimama mbele ya ubao, kidole gumba kimeinuliwa kama cha mtoto aliyejikata. Katika herufi ya mwisho, palepale penye unene, kulikuwa na alama. Dole gumba zima, mistari yake yote.

"Nilitaka kujua tu kama imeanza kushika," alisema.

Kabla Herufi hajajibu, mlango ukajaa. Mama alikuwa amerudi, vifurushi mikononi. Aliutazama ubao. Akasogea, akainama, akaitazama ile alama kwa muda.

"Nani amegusa?"

"Ni mimi, Mama."

"Umeambiwa haijakauka?"

"Nimeambiwa."

"Hukuweza kungoja."

"Sikuweza."

"Ni dakika moja tu," Herufi aliingilia, ameshachukua brashi, "naifuta, naijaza tena, haitaonekana..."

"Iache," mama alisema.

Alikuwa bado ameinama. Aliponyooka, uso wake ulikuwa umechoka, lakini ule uchovu wa asubuhi, wa mtu mwenye fagio, haukuwepo.

"Kizingitini kwangu pana kiganja," alisema. "Fundi alimaliza kusakafia, akasema watu wasipite hadi kesho. Baba yake huyu akangoja fundi apinde kona tu. Akabonyeza mkono, hivi. Kutazama kama imeanza kushika." Alivihamisha vifurushi kwenye mkono mwingine. "Nilimgombeza wiki nzima. Mpaka leo nikifagia, pale napapitisha fagio taratibu."

Herufi alikuwa ameishika brashi kama mtu aliyesahau inavyotumika.

"Njoo Jumapili ukione," mama alimwambia Kiberiti. "Uje ukiwa umechoka, kuna mambo ya kuahidiana. Na sasa kanawe, utachafua nguo."

Kiberiti alitoka uani, akafungua bomba. Alisugua kidole chini ya maji, akasugua tena, akakiinua kwenye mwanga. Buluu ilikuwa palepale. Maji yalipita juu yake, yakaenda zake.